Saa Isiyosomeka Juani

1 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mezani kwako, lenzi jichoni, ukimsikiliza mtu aliyeoga na saa yake halafu anakuambia imesimama tu yenyewe. Mimi sijambo. Kazi ni ile ile: nashinda kwenye chumba cha vipimo nikiwa na koti jeupe, nakagua saa za mazoezi kabla hazijapelekwa madukani, na sahihi yangu ndiyo inayokaa chini ya karatasi ya ukaguzi. Ningekupigia simu, lakini masikio yako na simu hayajawahi kupatana, tungeishia kuulizana "unasemaje" mpaka salio liishe.

Ndani ya kifurushi hiki kuna saa. Najua ni ya plastiki, usiniaibishe mbele ya wateja. Ni sampuli ya toleo letu jipya, bado halijaanza kuuzwa. Ina mambo mengi, ila nataka utazame moja tu: namba ile kubwa ya katikati ni mapigo ya moyo wako kwa dakika. Daktari wa presha alisema nikiwa nimekaa pale pale kando yako: tembea haraka kila siku, lakini mapigo yasipite mia na ishirini. Yakipita, simama upumzike, kwa sababu mishipa yako haiwezi kubeba zaidi. Ulimwuliza utajuaje. Basi sasa utajua.

Nina ombi la kikazi pia. Kila saa mpya lazima ivaliwe na mtu wa kawaida huko nje kwa wiki kadhaa, naye atuandikie kama skrini inasomeka akiwa kwenye mwendo. Wenzangu wanawapa marafiki zao wa mpira. Mimi nimesema nitampa fundi saa mwenye miaka thelathini na nane kazini, wote wakakubali. Andika namba zako kwenye daftari, unitumie. Na ukiona kasoro iseme, Baba, usinionee haya.

Mwanao,
Kidole


12 Machi

Kidole,

Marahaba. Nafurahi bado unalitumia hilo jina, ingawa mimi nilikupa kwa hasira. Kila saa niliyoifungua ilikuwa lazima uitie kidole, na kuna mteja mmoja hadi leo anaamini springi yake iliruka kwa upepo.

Saa imefika salama. Nimeikagua kabla sijaivaa kama ninavyokagua ya mtu yeyote. Mkanda ni wa hovyo, utakatika kwenye tundu la tatu. Mfuniko wa nyuma umebandikwa kwa gundi, wala hauna skrubu hata moja, maana yake aliyeitengeneza alishaamua kwamba hakuna fundi atakayeigusa. Hilo nimelichukulia kama tusi. Tena haina mlio. Nimeiweka sikioni dakika nzima, kimya, na usiniambie ni masikio yangu.

Kuhusu skrini: inasomeka. Nimetoka nayo saa nne asubuhi kabla wateja hawajaja, jua la kutosha, nikaenda mpaka mwisho wa barabara ya karakana na kurudi. Namba nimeziona bila taabu. Mimi nasoma maandishi yaliyochongwa ndani ya saa za kike, herufi ndogo kuliko punje ya mchanga, sembuse namba yenye ukubwa wa ukucha. Waandikie wakubwa wako hivyo hivyo.

Hizi hapa za wiki ya kwanza: 96, 94, 97, 95, 97, 93. Jumapili nilipumzika. Moyo wa baba yako, kama unavyoona, una adabu zake.

Wako,
Baba


13 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii uisome peke yako, kisha uichane. Nakujua huwezi kuchana kitu, basi angalau uifiche.

Mtoto amenitumia saa ya kupima moyo, ile ya mazoezi. Nimeivaa, nikatoka. Nilipofika katikati ya barabara ya karakana, pale pasipo na hata mti mmoja, nikanyanyua mkono nitazame mapigo. Sikuona kitu. Kioo cheusi na uso wangu ndani yake, basi. Nikaugeuza mkono huku na huku, nikaukinga kwa kiganja, nikausogeza puani. Fundi wa matairi akadhani nampungia, naye akanipungia, kila siku sasa tunapungiana kama watu wenye uhusiano. Nikaingia kwenye banda lake kumsalimia na kuepuka aibu, nikatazama tena humo kivulini, namba ikawa pale wazi kabisa. Tisini na sita.

Dada, unakumbuka marehemu baba alivyoanza. Ndani ya nyumba alikuwa anaona hata sindano, akitoka juani anapapasa ukuta. Tulimcheka. Miaka miwili baadaye tulikuwa tunamshika mkono kwenda chooni. Sasa ni zamu yangu, na nimeshaelewa. Kosa la saa haliwezi kuwa. Imetoka mikononi mwa mwanangu, ameipima kwa mitambo, na huyo mtoto nimemfundisha mwenyewe kutopitisha kitu kibovu.

Nimemwandikia kwamba naisoma vizuri. Kila nikitembea naingia bandani kwa fundi wa matairi, nasoma, naandika daftarini. Nikimwambia ukweli, atakuja kunichukua aniweke sebuleni kwake niwe pambo, na meza yangu itafungwa. Mwenyewe pia nimeanza kuogopa. Jana nilikuwa na saa ya mzee mmoja, kumbukumbu ya mkewe, nikajiuliza kama ninachokiona ndani yake ndicho kilichomo. Nikamrudishia bila kuigusa, nikamdanganya kwamba sina kipuri.

Usimwambie.

Mdogo wako


25 Machi

Baba,

Shikamoo. Nina habari ya kukuvimbisha kichwa. Barua yako nimeisoma kwenye kikao, yote, pamoja na matusi ya gundi. Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Kulikuwa na ubishi kuhusu skrini, kwa sababu ile taa yetu kubwa ya kuigiza jua iliungua tangu mwezi uliopita na mpya haijafika, na kuna mwenzangu mmoja alitaka tusubiri. Nikasema huyu aliyeandika anatengeneza saa tangu sijazaliwa, ana miaka sitini na mbili, na anaisoma saa nne asubuhi barabarani. Akisema inasomeka, inasomeka. Ubishi ukaisha hapo. Nimetia sahihi. Tarehe ishirini na mbili Aprili saa inaingia madukani, na kwa sehemu kubwa ni kwa sababu yako.

Sasa tuzungumze habari za moyo. Nimeziangalia namba zako na nimecheka kidogo. Tisini na tano ni mapigo ya mtu anayesindikiza jeneza, Baba. Daktari alisema utembee kwa haraka, na una nafasi kubwa mpaka kufika mia na ishirini. Acha hiyo barabara tambarare. Panda kile kilima cha tangi la maji, nenda kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kazini. Ukiona namba inakaribia mia na ishirini, punguza. Saa unayo, itakuambia.

Na mbona huniandikii habari za mezani? Kila barua ulikuwa unanisimulia walau mteja mmoja mwenye vituko.

Mwanao mwenye kujivuna,
Kidole


31 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimeificha ndani ya unga, usihofu.

Mimi nina maswali mawili, na yote utayachukia. La kwanza: umekwenda kwa mtu wa macho? Najua hujaenda. Unaogopa atakuambia, kama vile asipokuambia hutapofuka. La pili: tangu lini wewe ukawa unasema uongo kwa maandishi? Wa mdomo nimekuzoea. Ulimdanganya mama kwa mdomo miaka kumi na tano. Lakini kuandika namba kwenye daftari halafu kumtumia mtoto ambaye kazi yake ni hizo namba, hapo umepita kiasi.

Mwambie. Mtoto akikuchukua ukae kwake, utakaa kwake, utamkera, atakurudisha. Baba yetu tulimcheka kwa sababu alituficha, ndiyo maana hatukujua cha kufanya ila kucheka.

Mimi sitasema. Lakini nisiwe shahidi wako ukiharibikiwa.

Dada yako


14 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hii ni fupi.

Leo mchana nimetoka mpaka getini kupokea mzigo, nikiwa nimevaa moja ya saa zetu mpya. Jua lilikuwa kali sana. Nataka kukuuliza kitu na naomba unijibu upesi, kwa posta ya haraka kama ipo. Wewe ukiwa juani kabisa, katikati ya mwendo, bila kukinga kwa mkono, unaiona ile namba? Kweli kabisa?

Si kwamba kuna tatizo. Ni kujiridhisha tu. Zimebaki siku nane.

Kidole


20 Aprili

Mwanangu,

Umeniuliza kweli kabisa, nami nakujibu kweli kabisa. Naiona. Naiona juani, naiona nikitembea, naiona nikipanda. Kama unataka niape, naapa kwa kaburi la mama yako. Sijui nani amekutia wasiwasi kuhusu macho yangu, na kama ni shangazi yako mwambie aangalie ya kwake. Macho yangu hayana neno.

Kilima nakipanda siku ya kumi na tano leo. Ulisema kweli, barabara ilikuwa ya wazee. Sasa naenda kama mtu aliyechelewa kazini, kama ulivyotaka, mpaka juu kwenye tangi bila kusimama. Namba zangu za kule juu: 104, 101, 106, 104. Bado sijafika hata mia na kumi, kwa hiyo wiki hii nimeongeza mwendo tena. Jasho linatoka, kichwa kinagonga kidogo, nadhani ndiyo dawa yenyewe kufanya kazi.

Habari za mezani: meza nimeiachia. Usishtuke. Miaka thelathini na nane ya kukunja mgongo inatosha, na watu siku hizi wanatazama saa kwenye simu. Nafasi amechukua kijana anayeuza vifuniko vya simu. Lenzi na vibanio vyangu vya kushikia skrubu nimempa fundi mwenzangu wa sokoni. Nimeamua mwenyewe, nina furaha, sasa nina muda wa kutembea.

Uza saa zako kwa amani.

Baba


11 Mei

Kidole,

Tangu uondoke hapa hospitali baba yako anakula vizuri zaidi kuliko ulipokuwepo, nadhani alikuwa anaona haya kulishwa na wewe. Mimi hanionei haya, tumeoga beseni moja. Maneno yanatoka polepole lakini yanatoka. Mguu unarudi. Mkono wa kulia bado. Kijiko kinamponyoka.

Sikukuambia kila kitu ulipokuwa hapa kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Sasa nimeivunja ahadi, na nimemwambia mwenyewe kwamba naivunja. Ndani ya bahasha hii nimeweka barua aliyoniandikia tarehe kumi na tatu Machi. Ina unga, ipukute. Isome kwanza, halafu urudi hapa.

Umeisoma? Haya.

Juzi daktari alitaka apimwe macho kwa sababu kiharusi wakati mwingine hugusa macho. Akaja dada mmoja na kile kibao cha herufi. Baba yako alijikaza kama mtu anayesubiri hukumu. Akafunikwa jicho moja, akasoma mstari wa juu, wa pili, wa tatu, akashuka mpaka chini kabisa, halafu akasoma na jina la kiwanda lililo pembeni ya kibao, ambalo yule dada mwenyewe ilibidi asogee ndipo alione. Jicho la pili vivyo hivyo. Yule dada akasema, "Mzee, macho haya ni ya kijana. Ukiwa unasoma vitu vidogo, miwani ya kawaida tu inakutosha."

Baadaye baba yako akaniomba ile saa kutoka kwenye mfuko wa vitu vyake, akanionyesha dirisha kwa kidevu. Nikaenda nayo uani. Jua la saa sita. Mimi nina macho ya kumwona mwizi wa kuku mtaa wa tatu, Kidole, nikainyanyua ile saa na nikaona pua yangu. Nikamwita yule dada wa macho, naye akaona ya kwake. Nikarudi ndani nikamwambia, "Hata mimi sioni. Hakuna anayeona." Akageukia ukutani. Nimeishi naye miaka yote na sijawahi kumsikia akilia, kwa hiyo mwanzo sikuijua ile sauti.

Fundi wa matairi ndiye aliyemwokota pale kilimani. Anasema alimwona kwa mbali amesimama katikati ya njia, kiganja kimefunika saa, anaitazama na kuitazama, halafu akakaa chini. Hapa ndipo nilipoelewa namba nilizozikuta kwenye daftari lake. Kilimani hakuna kivuli ila nyuma ya tangi. Alikuwa anapanda mpaka juu, anakaa nyuma ya tangi mpaka pumzi irudi, ndipo anasoma. Hizo ndizo alizokuwa anakutumia.

Jana amenituma kwa yule kijana wa vifuniko vya simu nikaiulizie meza yake. Kijana ameshaikata akatengeneza rafu. Vibanio vipo, yule mwenzake wa sokoni ni mwungwana, amevirudisha bila kuulizwa. Nimeviweka kwenye meza ya kitanda. Anaviangalia tu. Macho anayo, mkono ndio hana.

Sikulaumu. Nakuambia tu ili ujue mambo yalivyokuwa.

Shangazi yako


16 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimemwomba Shangazi akusomee barua hii bila kuruka mahali, hata pale atakapotaka kuniokoa.

Nilikaa siku sita kando ya kitanda chako. Nilikulisha, nilikukata kucha, nilikusomea gazeti. Ulipolala nilikuwa najiambia ukiamka nasema, ukiamka naanza kukusomea matangazo ya viwanja. Sasa nasema.

Siku ile ya tarehe kumi na nne Aprili, pale getini, nilinyanyua mkono na sikuona kitu. Nilisimama juani kama dakika kumi. Mlinzi aliniuliza kama nimepotelewa na kitu. Skrini yetu inajipunguza mwanga ili betri idumu, na jua likiipiga inakuwa kioo. Kwenye chumba cha vipimo hilo halionekani, na taa ambayo ingelionyesha ilikuwa imeungua. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi ya ukaguzi kwamba jaribio la nje limekamilika. Jaribio lenyewe lilikuwa barua yako.

Nilijua, Baba. Nilipoandika "si kwamba kuna tatizo" nilikuwa nimeshaliona tatizo kwa macho yangu. Ningekuambia siku ile ile, "Baba, saa ni mbovu, ivue, usipande kilima." Badala yake nikakuuliza. Nilikuwa nataka uniambie unaiona ili nipate mahali pa kujifichia. Ukaapa. Barua yako ilifika tarehe ishirini na nne, siku mbili baada ya saa kuingia sokoni, nami nikaisoma nikashusha pumzi. Uliandika kwamba kichwa kinagonga. Uliandika kwamba umeiachia meza yako, wewe, ambaye hukufunga hata siku ya harusi yangu mpaka saa tano. Nilipita juu ya maneno hayo yote nikatafuta neno "naiona", nikalipata, nikaikunja barua. Siku tatu baadaye Shangazi akanipigia simu.

Kuna jambo moja zaidi, na hili Shangazi halijui. Niliporudi kazini nilitoa kabatini saa ya akiba ambayo niliiunganisha na yako kwa mtandao kabla sijakutumia, inayopokea kumbukumbu zake zote. Nikafungua. Saa ilikuwa inapima sawasawa muda wote. Kila siku ya kilima: mia na arobaini na mbili, mia na hamsini, mia na arobaini na saba. Siku ya mwisho mia na sitini na moja, kwa dakika kumi na moja. Ilikuwa inaandika kila kitu, na wewe ulikuwa unaitazama, na haikuweza kukuonyesha. Mimi niliyekutuma kilimani ningeweza kufungua kumbukumbu hizo siku yoyote. Sikufungua kwa sababu nilikuwa na namba zako za daftari, na nilizipenda.

Daktari amesema huenda kiharusi kingekuja hata bila kilima. Alinitazama kwa huruma aliposema. Siamini, na hata ningeamini isingenisaidia.

Jumatatu nimemwandikia Meneja. Nimeeleza taa, nimeeleza barua, nimeeleza geti na tarehe yake. Saa zimeondolewa madukani, na waliokwisha kununua wanapelekewa ujumbe. Mimi nimesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe, na nadhani hawataniita tena. Mwenzangu yule aliyetaka tusubiri alinisaidia kubeba sanduku langu mpaka getini. Hakuniambia "nilikuambia". Ningependa angeniambia.

Nimefungasha. Ningeweza kupanda basi kesho. Lakini sijui kama unataka kuniona sasa, baada ya kusikia haya, na sitaki nije unitazame kwa sababu tu huwezi kuondoka kitandani. Mwambie Shangazi aniandikie, hata neno moja. Na usinijibu kwa kunionea huruma. Niambie ulivyo.

Mwanao


27 Mei

Kidole

Huu ni mkono wa kushoto. Shangazi yako amesema haya niandike mwenyewe. Imenichukua siku nne.

Ulipouliza kuhusu juani nilijua umejua. Nilidhani umejua macho. Ungeniuliza mara moja tena ningesema. Sikukuacha uulize. Niliapa kwa mama yako ili unyamaze.

Meza niliifunga mimi. Ningekwenda kwa mtu wa macho ningekuwa nayo. Hiyo usiibebe.

Kilima ni chetu wote.

Siku zile sita nami nilikuwa nasubiri ulale nikuambie. Hukulala.

Umesema nikuambie nilivyo. Kila akija mtu nasema naendelea vizuri. Sivyo. Nashika kibanio kinaanguka. Jana kilianguka mara thelathini. Naogopa mkono hautarudi. Naogopa sana, mwanangu, na sijamwambia mtu.

Njoo.

Baba